Kisu mfukoni, ndege mtini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Tulianza kama watu wanaopenda visu vidogo vya kukunja. Tulikuwa tukikaa barazani Tanga jioni, tunapeana visu mkononi, huyu anasifu mpini, yule anajaribu makali kwenye gazeti la jana. Siku moja mwenzetu akasema visu hivi vimechoka kukata magazeti. Tukapanda Amani, kwenye msitu wa milima ya Usambara, alfajiri na mfuko wa machungwa, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu yamekuwa nusu visu, nusu ndege. Ndugu, majirani na watu tunaokutana nao njiani wanatuuliza mengi. Haya ndiyo yanayojirudia.

Visu na ndege wapi na wapi?

Kisu kinakukalisha chini. Hilo ndilo jibu letu, na kila mmoja wetu alilifikia kwa njia yake.

Mtu anayetembea msituni bila kazi mkononi hutembea tu. Miguu inaponda majani makavu, mdomo unaongea, na ndege walio mbele yake wanapeana habari kisha wananyamaza. Atarudi nyumbani aseme msitu ule hauna ndege. Lakini aliyetoa chungwa na kisu hana budi kukaa, kwa sababu kumenya huku unatembea ni kujitafutia jeraha. Anatafuta gogo, anaketi. Mikono ina shughuli, mwili umetulia, macho yako huru. Baada ya dakika kumi hivi msitu unamsahau. Wa kwanza kurudi ni shorewanda, ambaye haoni haya mbele ya mtu. Kisha chozi anashuka kwenye ua lililo karibu. Halafu wanaanza kusikika wale wa ndani, ambao hukuwajua kama wapo.

Nilikuwa namenya chungwa la pili, njia ya juu ya Amani, nilipomwona kwa mara ya kwanza kindege wa kijivu mwenye mdomo mrefu mwembamba, akihangaika ndani ya mitambaazi kama mita nne kutoka nilipokaa. Huyo ni miongoni mwa ndege adimu kabisa wa Usambara. Wataalamu walimwandika mwaka 1931 na kumpa jina la Moreau, mtafiti aliyefanya kazi hapo hapo Amani. Watu hufunga safari kutoka mbali kumtafuta. Mimi nilipewa na chungwa.

Nianze na kisu gani?

Anza na ulicho nacho. Kisu kidogo cha jikoni kilichofungwa vizuri kwenye kitambaa kinamenya chungwa vizuri kuliko kisu cha bei kubwa kilicho butu. Ukitaka cha kukunja, sisi tunazungumzia zaidi ukoo wa aina tatu.

Wa kwanza ni kile chekundu cha Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, akaanza kupeleka visu kwa askari wa jeshi la Uswisi mwaka 1891, na kile cha maofisa, ambacho ndicho baba wa hivi vya leo, kikasajiliwa mwaka 1897. Jina la kampuni yake, Victorinox, lina mama ndani yake: Victoria lilikuwa jina la mama wa Elsener, na "inox" ni chuma kisichoshika kutu. Kisu hiki ni chembamba, kina kifungua chupa na kikoleo kidogo cha kutolea mwiba, na bapa lake linatosha kazi zote za njiani. Angalizo moja. Bandia ni nyingi mno. Mimi mwenyewe niliuziwa kimoja katika duka moja mjini, na springi yake ililegea kabla mwezi haujaisha. Kilicho cha kweli kinafungika kwa mlio mmoja mkavu, hakichezi kushoto wala kulia ukikitikisa, na maandishi yaliyo kwenye shina la bapa yamekaa safi.

Wa pili ni Opinel wa Ufaransa, aliyebuniwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890. Mpini wa mti, bapa moja, basi. Tangu mwaka 1955 kina pete ya chuma inayozungushwa kulifunga bapa lisije likakuangukia vidoleni. Namba 8 ndiyo tunayoipendekeza: bapa lake lina sentimita 8.5, linapita katikati ya nanasi dogo bila kulalamika. Kati ya visu vyote ninavyovijua, hiki ndicho kinachomenya embe vizuri zaidi, kwa sababu bapa lake ni jembamba na makali yake yanaingia bila kusukumwa.

Wa tatu ni Okapi, na huyu ana habari inayotuhusu. Alianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, wakati ambapo Tanga yetu nayo ilikuwa chini ya Mjerumani. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Ana mpini wa mti wenye nyota na miezi, pete mgongoni, na akifunguliwa anatoa sauti ya meno ya chuma: kra, kra, kra. Marehemu baba alikuwa naye, akamtumia kukatia tumbaku na kuchongea mipini ya majembe. Ninamweka nyumbani kwa heshima, ila kwenye ndege simpeleki. Ile sauti inamwondoa kila aliye mtini.

Chuma kinachoshika kutu au kisichoshika?

Ukikaa pwani, chukua kisichoshika kutu, usibishane na bahari. Hewa ya chumvi ya Tanga inakula chuma cha kawaida kikiwa kimelala ndani ya droo.

Wapo kati yetu wasiosikia hilo, na nawaelewa. Chuma cha kawaida kinanoleka haraka na kinashika makali makali kweli. Kikikutana na tindikali ya chungwa kinabadilika rangi, kwanza bluu, kisha kijivu, kisha cheusi, na weusi huo ukishatulia unakilinda kidogo dhidi ya kutu nyekundu. Kisu cha mwenzetu wa Muheza kina ramani nzima ya misimu ya machungwa juu yake. Sharti lake ni moja: kifute mara tu unapomaliza, usingoje nyumbani. Kisha tone la mafuta ya nazi kwenye bapa. Kwenye bawaba tumia mafuta ya cherehani, kwa sababu ya nazi yakikaa muda mrefu yanaganda, yanavunda, na kisu kinakuwa kizito kufungua.

Mvua ilininyeshea na sasa Opinel yangu haifunguki. Imeharibika?

Hapana. Mti umekunywa maji ukavimba ukalibana bapa. Usivute kwa meno wala koleo. Gonga kitako cha mpini kwenye gogo, bapa litachomoza kidogo. Kisha kiache kivulini siku mbili tatu. Usikianike juani, mpini utapasuka.

Nanoaje?

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, walisema wazee, na mwenye kisu butu ndiye mkatwa vidole, tumejionea. Kisu butu kinahitaji nguvu, na nguvu ndiyo inayoteleza.

Kinoo cha kawaida cha dukani, chenye upande wa kukwaruza na upande laini, kinatosha kabisa. Kiloweshe maji. Laza bapa, kisha liinue mgongo kiasi cha kuingiza sarafu mbili chini yake, hapo utakuwa karibu na nyuzi 15 hadi 20. Sukuma kama unayekata utando mwembamba juu ya jiwe, kutoka shinani hadi nchani, bila kubadilisha ule mwinamo. Mwinamo ndio kazi yote. Watu wengi wananoa kwa hasira, mkono unapanda na kushuka, na wanachopata ni makali ya mviringo yanayokataa hata nyanya. Noa upande mmoja mpaka uhisi kijinywele cha chuma upande wa pili, ukipapasa kutoka mgongoni kwenda nje, kamwe si kwa kufuata makali. Geuza. Kijinywele kikihamia upande wa kwanza, nenda kwenye upande laini wa jiwe, punguza nguvu kila mara. Malizia kwa kulipitisha bapa kwenye mkanda wa ngozi ukirudi nyuma, mgongo ukitangulia, mara ishirini hivi.

Huna kinoo? Geuza kikombe cha udongo, kile kiduara kisicho na rangi kitakoni kinanoa vizuri ajabu. Na kama bado kuna fundi anayepita mtaani kwenu na baiskeli ya kunolea, mpe visu vya jikoni na panga, ila kisu chako cha mfukoni usimpe. Gurudumu lile linakimbia mno kwa bapa dogo, linalipasha moto na kulipunguza upana kwa dakika moja zaidi kuliko wewe ungelipunguza kwa miaka.

Jaribu makali kwenye karatasi. Si kwa kidole gumba.

Watu hawatanidhani mhuni?

Hili linaulizwa sana na vijana, na wana haki ya kuuliza. Kisu kikionekana mkononi mwa kijana asiyefahamika, watu huingiwa na hofu kabla hajatoa salamu.

Utaratibu wetu ni huu. Kisu kinakaa ndani ya mkoba pamoja na matunda, hakining'inii kiunoni. Hakifunguliwi stendi, ndani ya basi, sokoni, wala mbele ya watu wanaobishana. Hakiendi uwanja wa mpira, mahakamani wala kwenye mkutano. Uwanja wa ndege kinakaa kwenye begi linalokwenda chini, kikibaki kwenye begi la mkononi utakiacha hapo hapo. Unapoingia hifadhi yoyote, kitaje langoni kabla hujaulizwa. Hatujawahi kukataliwa kisu cha kumenyea chungwa na askari tuliyemweleza kwanza.

Jambo la pili ni salamu, na mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Njia nyingi tunazotembea zinapita pembezoni mwa mashamba ya watu, katikati ya migomba, iliki na karafuu. Mtu mwenye darubini anayesimama akitazama juu huku haongei anatia shaka. Milima yetu imejaa hadithi za mali zilizofukiwa na Mjerumani, na mara mbili tumedhaniwa tumekuja kuzichimba. Basi ukimwona mzee, vua kofia, mpe shikamoo yake, subiri marahaba, sema umetoka wapi na unatafuta nini. Mwambie unamtafuta hondohondo. Atacheka, kisha atakuonyesha mti anaolala. Mzee mmoja alitukalisha, akatumenyea muwa kwa panga lililokuwa kali kuliko visu vyetu vyote, akatueleza ni ndege gani analia kabla ya mvua ya vuli. Tungepita bila salamu tusingejua.

Niko Uingereza. Naweza kutembea na kisu changu mashambani?

Huko sheria ina kipimo. Kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, unaweza kutembea nacho bila kulazimika kutoa sababu. Kikiwa kirefu zaidi, au kikiwa na kizuizi kinacholifunga bapa, lazima uwe na sababu ya msingi. Kwa hiyo Opinel namba 8 yenye pete inakataliwa mara mbili, kwa urefu na kwa pete, ilhali kisu kidogo chekundu cha Uswisi kinapita. Na hata kinachopita kikitumika kumtishia mtu kinahesabiwa silaha. Wenzetu walioko huko wanasema njia za miguu zinazokatiza mashamba ni nyingi na ziko wazi kwa kila mtu, na kwamba mbayuwayu wanaowaona ghalani mwezi Juni ni wa kabila lile lile tunalowaona sisi kwenye nyaya za umeme mwezi Desemba.

Mnatembea wapi?

Nyumbani kwetu ni Amani. Kutoka Tanga unapita Muheza, na Muheza huipiti bila kununua machungwa, kisha unapanda. Wajerumani walijenga kituo chao cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, na hata reli iliyofika Sigi chini ya mlima. Tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Njia zimefunguliwa vizuri, kuna waongozaji wa hapo hapo wanaojua sauti za ndege kwa masikio tu, na ninamsihi kila anayekuja amlipe mwongozaji hata kama anadhani anaijua njia. Watu hawa ndio wanaoufanya msitu uwe na faida kijijini ukiwa umesimama.

Kwa asubuhi fupi tunakwenda mikokoni, maji yakiwa yanatoka. Huko kuna yangeyange, sululu na kundi zima la ndege waendao miguu mirefu. Kati ya wageni nampenda zaidi mla kaa mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene. Anazaliana kwenye mashimo anayoyachimba mchangani, pwani za Oman na Ghuba, kisha anakuja kutumia miezi yake kwetu. Njia ile ile ya majahazi.

Mkiwa Kenya mna neema. Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, ina bundi mdogo wa Sokoke ambaye hana urefu wa kiganja na vidole vyake. Nairobi kuna msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999. Na Nairobi kuna matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi yanayoanzia makumbusho ya taifa, yaliyoanza tangu miaka ya 1970. Mgeni anapokewa.

Sina darubini. Nitaona nini?

Utasikia, na kusikia ni zaidi ya nusu. Funga macho dakika tano ukiwa umekaa, hesabu sauti tofauti kwa vidole. Dudumizi na mlio wake wa maji yanayomiminwa kutoka chupani. Kigong'ota akipiga mti. Ninga wakicheka ndani ya mkuyu. Darubini utainunua baadaye, na ukinunua chukua iliyoandikwa 8x42 au 8x32, yaani ya kukuza mara nane. Zile za kukuza mara kumi na zaidi zinatikisika na mkono.

Ni ndege gani anayepita juu akivuma kama treni?

Hondohondo mwenye mashavu ya fedha. Mabawa yake hayana manyoya ya kuziba hewa chini, kwa hiyo kila pigo linavuma, na kundi likipita juu ya majani ya chai ya Amani unageuka kutafuta gari moshi. Jike akitaka kutaga huingia pangoni mwa mti, mlango unazibwa kwa udongo ubaki ufa tu, na dume anamletea matunda ufani kwa wiki nyingi. Dume huyo akiuawa, ndani ya mti wanaweza kufa waliobaki. Hili tunawaeleza watoto wenye manati, na wanalielewa haraka kuliko tangazo lolote la hifadhi.

Ni kweli yupo ndege anayempeleka mtu kwenye asali?

Kweli tupu, na hapa ndipo kisu na ndege vilikutana maelfu ya miaka kabla ya kikundi chetu. Anaitwa mlembe. Ni wa kahawia, wa kawaida kumtazama, hukai ukamgeukia. Anapenda nta ya nyuki na anaweza kuimeng'enya, ila mzinga uliomo ndani ya mti hawezi kuufungua, na nyuki wanaweza kumuua. Binadamu ana shoka, kisu na moshi, ila hajui mzinga uko wapi. Basi mlembe anamjia mtu, anapiga kelele ya kukwaruza, anaruka mti wa mbele, anangoja, anaruka tena.

Hussein Isack, mtafiti wa Kenya, aliwafuatilia Waborana wa kaskazini mwa Kenya pamoja na mtafiti mwenzake, Reyer, wakatoa matokeo mwaka 1989. Katika eneo wasilolijua vizuri, Waborana walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja bila mlembe, na saa 3.2 wakiongozwa naye. Yaani siku nzima ya kazi imekuwa asubuhi moja.

Kisha kuna lugha. Wayao wa Niassa, Msumbiji, ndugu wa Wayao wetu wa Tunduru na Masasi, wanamwita mlembe kwa sauti ya ulimi unaotetema inayoishia kwa mguno. Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walipima, wakaandika mwaka 2016: sauti hiyo iliongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi hawaguni, wanapiga mbinja. Mwaka 2023 ikaonyeshwa kwamba mlembe wa Hadzabe anaitikia zaidi mbinja ya Hadzabe, na wa Niassa anaitikia zaidi mguno wa Niassa. Ndege wa mwituni, hakufugwa, hakufunzwa na mtu, amejifunza lugha ya jirani zake.

Utasikia pia kwamba usipomwachia nta, safari nyingine atakupeleka kwa nyoka au simba. Hiyo ni hadithi nzuri ya kufundisha shukrani. Wayao humwachia sehemu yake. Wahadzabe mara nyingi huifukia au kuichoma nta ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza, na bado anawaongoza. Mimi ningemwachia.

Mlembe usimtafute ndani ya msitu mzito wa Usambara. Mtafute kwenye miombo na nyika ya wazi. Na tafadhali, usiende kujifanya mrina asali na kisu cha mfukoni. Nyuki hawa wana hasira, na kazi ya kurina ina wenyewe.

Bundi je? Si ndege wa uchuro?

Nililelewa kwenye nyumba ambayo bundi akilia juu ya paa watu hawalali, kwa hiyo simcheki anayeogopa. Lakini nimekaa chini ya mnazi wenye kiota cha bundi kwa jioni nyingi, nikaona alicholeta kwa makinda: panya, panya, panya tena. Mwenye ghala la mahindi anayempiga bundi jiwe anawafanyia kazi panya. Akilia kwako, mwache alie.

Mwenye madhara ya kweli pwani yetu ni kunguru wa Kihindi mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Anakula mayai na makinda ya wengine bila kuchoka, na palipo na takataka za wazi yupo yeye. Funika taka.

Nikimkuta ndege amenaswa na uzi wa nailoni, nimkate kwa kisu?

Polepole. Kwanza mfunike kichwa na mwili kwa kanga au shati, giza linamtuliza. Mabawa yakae yamekunjwa, usimbane kifua, maana ndege hupumua kwa kutanua kifua na ukikibana unamkosesha hewa. Mtu wa pili ndiye akate. Mkasi mdogo wa kisu cha Uswisi ni bora kuliko bapa. Ukilazimika kutumia bapa, lipitishe kati ya uzi na ngozi makali yakitazama nje, kata kidogo kidogo, usivute uzi ulioingia nyamani. Kokota uzi wote uondoke nao. Wavuvi wengi wa hapa kwetu siku hizi wanatuita wenyewe wakikuta jambo kama hilo, na nawashukuru.

Naweza kuchonga jina langu kwenye mti? Kukata tawi ili nikione kiota vizuri?

Hapana, na hapana.

Mtoto aanze lini?

Siangalii umri, naangalia kama anaweza kukaa. Akiweza kuketi robo saa akimtazama mnana akifuma, yuko tayari kushika kisu kidogo akiwa kati ya magoti yako. Mfundishe manne: kaa unapokata, kata kuelekea nje, usikitie nguvu nchani, na kisu kinakabidhiwa kikiwa kimekunjwa. Kazi ya kwanza iwe sabuni, kipande cha sabuni ya mche kinachongeka kwa raha. Mwanangu alichonga kwale aliyefanana na kiatu, na bado kwale huyo anakaa dirishani kwetu.

Ukijikata, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia. Likiendelea kutoa damu, nenda zahanati.

Bado kuna ndege wasiojulikana?

Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini milima ya Udzungwa. Kwenye sufuria ya mchuzi wakaona miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Wakafuatilia, kumbe ni kwale ambaye sayansi haikumjua, na jamaa zake wa karibu wako Asia. Ndiye kwale wa Udzungwa. Waliompika walimjua siku zote, bila shaka, na hilo linanifikisha kwenye ombi langu: andikeni majina. Kiswahili kina hudihudi, yule wa habari za Nabii Suleiman na Malkia wa Sabaa, kina keremkerem, mdiria, pungu na teleka. Kisambaa, Kibondei na Kidigo vina mengi zaidi, na wanaoyajua wengi ni wazee. Ukikaa na bibi yako, muulize, andika jina, mlio na mahali alipomwona.

Nije na nini siku ya kwanza?

Viatu visivyoteleza, maji lita moja na nusu, kofia, koti la mvua hata kama jua linawaka Tanga, nguo zisizong'aa, daftari na penseli. Kisu kilichonolewa jana yake. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likipanda ndege wananyamaza. Machungwa usibebe, tutayanunua Muheza.